Ubao Usio na Miguu

Wenzangu wanafunzi, na ninyi wazee wetu mliopita hapa kabla yetu, nimesoma matoleo mengi ya gazeti hili nikaona kwamba kurasa za Kiswahili hujazwa zaidi na habari za mpira, za safari ya kutazama wanyama Ziwa Mburo, na mashairi ya kuwaaga walimu. Hayo ni mazuri, wala siyapingi. Ila mimi naomba nafasi ya kueleza habari za ubao mmoja. Urefu wake ni sentimita 90, upana wake 22, na unene wake 5. Umekaa ukutani nyumbani kwetu Nakivale. Hauna mguu chini, hauna kamba juu, wala hauonyeshi chuma chochote cha kuushika. Kazi ya kuuweka ilichukua siku tisa. Kumshawishi Baba kulianza miaka kadhaa kabla ya hapo.

Kwa wale wasiopajua, Nakivale ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, kusini ya mji wa Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Yalianzishwa mwaka 1958, nayo ni miongoni mwa makazi ya zamani kabisa ya namna hii katika Afrika. Waliotangulia kukaa walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959 na ya miaka iliyofuata. Siku hizi walio wengi ni Wakongo, na pamoja nao wapo Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Kila jamaa waliopewa kiwanja hujenga na kulima, lakini hawawezi kukiuza, maana wamepewa kukitumia tu. Sisi tulitoka Fizi, katika Kivu ya Kusini, tukafika mwaka 2012. Kwanza tulikaa chini ya turubai, kisha Baba na Mama wakafyatua matofali mabichi, wakajenga nyumba ya vyumba viwili na kuiezeka mabati.

Katika nyumba hiyo palikuwa na sanduku moja la bati. Nilipoitwa katika shule hii Mama alisema mwanafunzi wa bweni haendi na gunia, akanipa sanduku lile. Mimi nilifurahi, maana kila mmoja wenu ajua jinsi sanduku lenye kufuli linavyomheshimisha mtu bwenini. Lakini sanduku hilo ndilo lililokuwa kabati la nyumba nzima. Ndani yake zilikaa nguo za Jumapili, vitabu, dawa na karatasi zote za jamaa. Tangu siku ile, kila muhula unapoanza sanduku huja Mbarara, na vitu vya nyumbani hubaki katika magunia, juu ya sakafu ya udongo.

Sasa, sakafu ya udongo ina wenyewe. Mwezi wa Aprili mwaka 2025, katikati ya mvua, mdogo wangu wa kike alifungua gunia lake akakuta madaftari mawili na kitabu cha hesabu vimegeuka vumbi. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka chini, wakala katikati na kuacha kingo, hata ukitazama kwa nje waona kitabu kizima. Mwaka huu yumo darasa la saba na mwishoni atafanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Vilivyoliwa vilikuwa mazoezi yake ya mwaka mzima. Upande wa pili wa gunia lile palikuwa na mfuko mweusi wa Baba. Mchwa walikuwa wamekwisha jenga njia yao ya udongo kuelekea huko, wamebakiza urefu wa vidole vitatu.

Yanibidi niseme habari za mfuko huo. Ndani yake zimo karatasi za kuandikishwa kwetu, vyeti vya hospitali, cheti cha ubatizo cha Mama kutoka Fizi, na barua za mahojiano. Mwaka 2017 tuliitwa kwa mahojiano ya kwanza ya kupelekwa nchi ya ng'ambo. Tangu hapo Baba akaufunga mfuko ule kama mtu atakayeondoka kesho. Akaweka na kanuni, ijapokuwa hakuitamka hata siku moja kama kanuni: katika nyumba ile hapagongwi msumari. Kitanda chetu chafunguliwa kwa kamba. Meza yakunjwa. Shambani Baba hulima mahindi na maharage, vitu vya miezi michache, wala hajapanda mti wa matunda. Siku moja nilileta mche wa mwembe kutoka shule ya msingi. Alinisifu sana kisha akampa jirani.

Nilipokuwa kidato cha pili niliomba ruhusa ya kutengeneza kabati dogo. Baba alijibu, "Kabati tutalibeba na nini?" Nikanyamaza. Mwaka uliofuata niliomba ruhusa ya kupigilia vibao viwili tu ukutani, akasema ukuta wa matofali mabichi ukipigwa msumari huanguka. Hilo lilikuwa kweli kwa nusu, kama nitakavyoeleza, lakini sote tulijua kwamba haukuwa ukuta uliomzuia.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 nchi ile iliyotuita katika mahojiano ilifunga mlango kwa wakimbizi. Mama alinisimulia kwamba Baba aliisikiliza habari hiyo redioni mpaka mwisho, akazima redio ili asimalize betri, akaenda shambani. Mfuko hakuufungua wala hakuuhamisha. Mchwa walikuja miezi mitatu baadaye.

Shule ilipofungwa mwezi wa Desemba mimi sikwenda nyumbani mara moja. Nilikaa Mbarara wiki mbili kwa seremala mmoja nikibeba mbao, nikipiga msasa na kufagia randa. Ni Mnyankore mwenye mvi, zamani alikuwa askari. Kila asubuhi nilimwamkia "Agandi, ssebo," naye alinijibu kwa Kiswahili cha kambini, kikavu na cha amri, hata nikawa nasimama wima bila kujua. Sote tulimwita Fundi. Siku ya nne tulikwenda nyumba moja ya mtaa wa Kakoba kuweka rafu tatu za namna ambayo wenye nyumba huziona katika simu zao na kuzitaka. Ndipo nilipoona ubao unakaa ukutani bila kitu. Nilipiga magoti nikachungulia chini yake kama mtoto anayetafuta kilichomo nyuma ya kioo.

Fundi alicheka, akautoa ubao wa pili nione. Siri yake si kubwa. Namna ya kwanza, rafu ni sanduku jembamba lenye uwazi ndani, nalo huvishwa juu ya kiunzi cha mbao kilichokazwa ukutani kwa skurubu. Namna ya pili, ubao ni mzito na mzima, umetobolewa matundu upande wa nyuma, nao huingizwa katika vipande vya nondo vilivyochomoza ukutani. Nyumba ile ilikuwa ya matofali ya kuchoma na lipu ya simenti. Ukuta wa namna hiyo hutobolewa kwa keekee ya umeme, tundu likatiwa kijibomba cha plastiki, na skurubu ikiingia kile kijibomba hupanuka na kuuma ukuta.

Nikamwuliza, "Fundi, na ukuta wa matofali mabichi je?"

"Ukuta wa udongo? Weka meza, kijana."

Jibu hilo halikunitosha. Usiku, katika kile chumba cha kuhifadhia mbao nilimolala, nilichukua kipande cha ubao na mkaa nikaanza kupiga hesabu tulizofundishwa kidato cha tano katika somo la wenzo na egemeo. Wengi wetu tulidhani somo lile lilitungwa ili kutuangusha mtihani. Chukua vitabu vya kilo 10 juu ya ubao wenye upana wa sentimita 22. Uzito wake tuseme uko katikati, yaani sentimita 11 kutoka ukutani. Kama ubao umeshikwa na kipande chenye kimo cha sentimita 3 kilichokazwa juu ya uso wa ukuta, basi 11 mara 10 ni 110, na 110 ukigawanya kwa 3 wapata karibu 37. Maana yake skurubu za juu zavutwa nje kwa nguvu ya kilo 37, ijapokuwa vitabu ni kilo 10 tu. Tofali bichi haliwezi kuvutwa hivyo. Litameguka kama mkate mkavu. Hapo Baba na Fundi walisema kweli.

Lakini udongo, ijapokuwa haujui kuvutwa, wajua sana kubebeshwa. Ndiyo maana nyumba zetu zinasimama. Basi nikajiuliza, itakuwaje nondo isipoishia juu ya uso wa ukuta, bali ipenye ukuta wote hadi nje? Hapo nondo yalala kama wenzo. Kwenye uso wa ndani yakandamiza chini, na mkia wake upande wa nje wasukuma juu. Ukuta wetu una unene wa sentimita 28. Nikikadiria kwamba kati ya mahali pale pawili pana sentimita 20, basi mkia wasukuma juu kwa nguvu ya kilo 5 na nusu, na uso wa ndani wabeba kilo 15 na nusu. Gawanya hizo kwa nondo tatu. Na juu ya mkia ule mna safu za matofali mpaka kwenye mabati, zenye uzito mara nyingi kuliko huo. Hakuna kinachovutwa. Niliifuta hesabu ile nikaipiga tena mara mbili, kwa sababu niliona ni rahisi kupita kiasi.

Asubuhi nikamwonyesha Fundi kile kipande cha ubao. Hakukisoma. Alinisikiliza, akakunja mkono wake kama nondo, akaniambia nimkandamize kiganja, akafikiri. Kisha akasema, "Uso wa ndani utapondeka. Weka mto." Alitaka kusema kibao kigumu cha kulala chini ya nondo, ili uzito usikae juu ya ncha moja ya udongo. Hilo mimi sikuwa nimelifikiria, na nadhani bila hilo nondo zingeinama baada ya mwezi.

Hapa natoka njiani kidogo. Mwalimu wetu wa Kiswahili alipata kutufundisha kwamba katika nyumba za mawe za Lamu, zilizojengwa karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani una safu za vidaka, yaani vijishubaka vilivyopambwa kwa chokaa iliyochongwa, na humo waliweka vyombo vya kauri kutoka China. Lamu wenyewe huviita zidaka. Kwa hiyo kuweka vitu ukutani pasipo miguu si jambo lililotoka ng'ambo jana. Na hawa Wanyankore tunaokaa kwao walikuwa na orugyegye, jukwaa la udongo ndani ya nyumba la kupangia ebyanzi, vile vibuyu vya mti vya maziwa, visiguse chini. Nyumbani kwetu twaita rafu etajeri, neno ambalo Wakongo walilipata katika Kifaransa. Fundi husema shelefu. Naona kila taifa lilipata taabu ya vitu vilivyo chini, likatafuta jina. Mimi mwenyewe nilifikiri kwanza kuchimba kidaka, lakini kuta za Lamu ni za matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita. Ukichimba ukuta wa udongo wa sentimita 28 wabaki na ngozi tu, tena kitu kikiwa ndani ya udongo mchwa hahitaji hata kutoka nje kukila.

Mshahara wangu wa wiki mbili ulikuwa mdogo, ila Fundi aliniuzia ubao wa msonobari kwa shilingi 8,000. Alikataa kunipa mkalitusi, kwa maana mkalitusi mwingi huuzwa ungali mbichi, nao ukikauka hupinda na kupasuka. Kwa mashine yake akatoboa matundu matatu upande wa nyuma, kila moja lenye kina cha sentimita 16. Kwa mwuza chuma chakavu nilipata vipande vitatu vya nondo ya milimita 12 kwa shilingi 6,000. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa sentimita 46, na mchomeleaji aliunganisha kibati bapa katika ncha moja. Katika gereji niliomba chupa ya oili chafu, nikapewa bure. Nikapanda taksi na ubao wangu magotini. Kondakta alitaka kunitoza nauli ya ubao, tukabishana mpaka Isingiro.

Baba aliuona ubao kabla hajaniona mimi. Baada ya kula nilimweleza, nikichora chini kwa kijiti. Mama naye alikuwa akisikiliza huku akichambua maharage.

"Iko inasimama na nini?" akauliza Mama.

Nikamweleza habari za nondo. Baba hakuuliza kama ukuta utaanguka. Aliuliza, "Tukiitwa, hii itatoka?"

"Ubao utatoka, Baba. Unavutwa tu, unaingia ndani ya mkoba. Nondo ndizo zitakazobaki ukutani."

"Zitabaki kwa nani?"

"Kwa atakayekaa humu baada yetu."

Baba akatikisa kichwa. Alisema hakutoka Fizi na watoto mgongoni ili aje atengeneze nyumba ya watu. Alisema jambo hilo bila hasira, jambo lililonihuzunisha zaidi, maana hasira ningeweza kuingojea ipoe. Nilitazama michoro yangu pale chini nikaona hakuna hesabu ya kumjibu.

Mama ndiye aliyejibu, wala hakuinua macho katika ungo. Karibu na kisima chetu pana mparachichi mkubwa ambao haujulikani mwenyewe. Wazee husema ulipandwa na jamaa wa kwanza kukaa pale, ambao walikwisha rudi kwao kabla sisi hatujaja. Kila msimu sisi na majirani twaokota matunda yake. Mama akasema, "Baba Fulani," akimwita kwa jina langu mimi kifungua mimba, "yale maparachichi tunayokula, alipanda nani?"

Baba hakujibu, akaenda kulala. Asubuhi nilipoamka nilimkuta amesimama mbele ya ukuta wa chumba cha mbele, anaupima kwa shubiri. Akaniambia, "Si hapa. Huku mvua inapiga. Tuweke ukuta wa upande wa jikoni." Wala hatukulizungumza tena.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, lakini ilitaka subira. Jirani yetu Mrundi, fundi wa matofali, alituazima mpira mwembamba unaopenyesha mwanga. Ukiujaza maji na kushika ncha zake mbili ukutani, maji husimama kimo kimoja kila upande, nawe wapiga alama. Sijaona chombo kisichodanganya kama hicho, na gharama yake ni maji. Tulipima kimo cha sentimita 150 kutoka chini, mdogo wangu afikie na kuku wasifikie. Kisha nikaegemeza mgongo wa ubao juu ya karatasi ngumu, nikachora matundu yake, nikaibandika karatasi hiyo ukutani. Matundu ya ukuta lazima yafuate matundu ya ubao. Yakihitilafiana hata nusu sentimita ubao hauingii.

Kutoboa tulitumia kipande cha nondo kilichonolewa, tukikizungusha kwa mikono huku mdogo wangu akiwa nje na kamba ya timazi, akitazama kama twatoka sawa. Udongo mkavu wa Januari hutoka kama unga wa mhogo. Tundu la tatu lilikutana na jiwe ndani ya tofali, likatula siku mbili. Baba alisema analikumbuka jiwe hilo, kwamba siku ya kufyatua alikuwa mgonjwa hakuchekecha udongo. Sijui kama ni kweli mtu anaweza kukumbuka tofali moja katika nyumba nzima, lakini alisema hivyo.

Upande wa ndani tulichonga mfereji mdogo tukalaza kile kibao cha mto, tulichokipaka oili chafu mara tatu. Upande wa nje tulilaza kibao kingine juu ya mikia ya nondo, chini ya kile kibati, chini ya ukingo wa paa ili mvua isikifikie. Kisha ikaja kazi ya kujaza. Baba alikwenda mwenyewe kuchimba udongo wa kichuguu. Watu wa huku wote wajua kwamba udongo huo hushikana kuliko wowote, maana mchwa wameusaga na kuutia mate yao. Tukauchanganya na majani makavu yaliyokatwa na samadi kidogo kutoka kwa wachungaji wanaopita kuelekea ziwani. Mdogo wangu alipouona aliuliza kwa nini tunawapa mchwa kazi ya kushika etajeri ya vitabu walivyovila. Baba alicheka sana. Tangu mwezi wa Aprili sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Tuliacha ukauke siku tano. Katika siku hizo majirani walikuja kutazama vyuma vitatu vilivyochomoza ukutani, kila mtu na maneno yake. Mmoja alisema ni vya kutundikia nyama. Mwingine, mzee wa Bukavu, alisema waziwazi kwamba nyumba ya udongo si nyumba ya mambo hayo, na kwamba elimu ya sekondari huwapa watoto dharau. Nilimjibu kwa heshima kwamba angojee Jumamosi.

Jumamosi tulisukuma ubao katika nondo. Uliingia kwa sauti kama ya kizibo, nikauachia nafasi ya kidole kimoja kati yake na ukuta. Nafasi hiyo ina maana. Mchwa wanaopanda ndani ya udongo watalazimika kujenga njia yao juu ya chuma, mahali pa wazi, na mtu ataiona na kuifuta kabla hawajafika. Kisha tukaweka jerikeni lenye lita 10, yaani kilo 10. Ubao haukutikisika. Tukaongeza hadi lita 20, tukaliacha usiku kucha. Mimi sikulala vizuri, nadhani Baba pia, kwa sababu mara mbili nilisikia tochi yake ikiwashwa. Asubuhi nilipima kwa mpira wa maji: ncha ya mbele ilikuwa imeshuka unene wa kucha, nayo haikushuka tena. Mzee wa Bukavu alikuja, akaukandamiza kwa kiganja, akaukandamiza tena kwa mikono miwili, akasema, "Sawa. Lakini bei yake?"

Mdogo wangu alipanga vitabu vyake upande wa kushoto, vikubwa kwa vidogo, akavipangua, akavipanga tena kwa masomo. Mama alipata pembe ya dawa na Biblia. Baba alingoja tumalize. Akaleta mfuko mweusi, akaketi mlangoni penye mwanga, akaufungua. Alitoa karatasi moja moja, akazipangusa kwa kiganja. Nyingine zilikuwa zimeshikana kwa unyevu, akazitenganisha polepole kwa wembe. Alinipa cheti cha ubatizo cha Mama nikisome kwa sauti, kwa kuwa wino umefifia. Alipomaliza alizitia zote katika jalada la plastiki, akaliweka katikati ya ubao, limesimama. Ule mfuko aliukung'uta nje, akaukunja mara nne, akausukuma chini ya godoro.

Nilirudi shuleni Februari na sanduku langu. Jumapili iliyopita Mama alipiga simu akasema mvua za kwanza zimekwisha nyesha na ukuta wa nje umebaki mkavu, na kwamba mdogo wangu amekuwa wa tatu katika jaribio la hesabu. Akasema pia wameweka redio kwenye ncha ya mbele kabisa, ili sauti isikike mpaka jikoni. Nikamwomba waisogeze nyuma, karibu na ukuta, maana kilo moja ya mbele yaweza kuwa sawa na mbili za nyuma. Akasema hayo nimweleze Baba mwenyewe, akampa simu. Baba alinisikiliza, akasema ataisogeza. Kisha akauliza ikiwa nondo tatu nyingine zingali zapatikana kwa shilingi 6,000 kule kwa mwuza chuma chakavu, au amekwisha pandisha bei.